Miti ya muhumbahumba inachunwa mpaka inakauka, nani anaimaliza kweli?

MwanaKadutu
Wandugu jambo. Juma iliyopita nilipanda Kabare, huku Kivu ya Kusini, kuona nyanya yangu, kule juu karibu na mpaka wa parki ya Kahuzi-Biega. Nyuma ya nyumba yake kuna kabonde, tangu niko mtoto kalikuwa na miti mikubwa ya muhumbahumba (wengine mnaiita prunus), tulikuwa tunalala chini yake wakati wa kuchunga mbuzi. Nimekuta imechunwa ganda kuzunguka yote, toka chini mpaka mahali ngazi inaweza kufika, shina inabaki wazi kama mutu mwenye ametolewa ngozi. Nimehesabu kumi na moja. Saba imekauka kabisa, nne majani inaanguka. Nyanya anasema walikuja usiku mara mbili na mifuko na hakuthubutu kutoka nje. Mimi naona kosa ni ya wanunuzi wa mujini wenye wanatuma vijana wachune bila kuwafundisha kitu, na wasiposimamishwa hii miti itaisha mbele watoto wetu waijue. Nyinyi mnaonaje? Kwenu bado iko?

Furaha_Ndendere
Pole sana kaka. Kwetu Kalehe juu ni vile vile, baba yangu mudogo alikuwa na mitatu mu shamba yake, amebakiza moja na hiyo moja anailinda kama ngombe. Lakini nikuulize, una hakika ni wanunuzi? Kwetu mwenye alichuna alikuwa mujirani wa mulango kwa mulango, alikuwa anatafuta pesa ya minerval (malipo ya shule) ya watoto.

Bahati_Goma
Wote mnaangalia ganda, angalieni makala. Mimi naishi Goma, kila asubuhi naona mifuko inaingia, muji muzima unapika na makala na kila mutu anajua mingi inatoka mu parki ya Virunga. Huo muti wenu ni mugumu, unatoa moto muzuri, unatoa na muchi wa kutwangia sombe (majani ya muhogo), mupini wa jembe, kila kitu. Mutu wa makala hachuni, anakata chini, na kisha hakuna mwenye atakuja kupiga picha ya kisiki. Muti wenye umechunwa unaonekana ndiyo maana tunaulilia huo peke yake.

MwanaKadutu
@Bahati_Goma naelewa, lakini hii ya nyanya haikukatwa, iko imesimama imekufa. Makala haikuua hii.

@Furaha mujirani aliuza kwa nani? Lazima kuna mutu alikuja na kilo.

Furaha_Ndendere
Ni kweli, alikuja mutu na pikipiki na mizani. Pesa yenye alimupa ilikuwa ya sabuni na chumvi, minerval haikutoka.

Dokta_wa_Majani
Salamu kwa wote. Mimi ni mganga wa dawa ya asili hapa Bagira, nimeachiwa kazi na baba. Naomba musitie waganga mu hii kesi. Muganga wa kweli anatoa ganda kipande cha kiganja, anatoa upande jua inachomokea na upande inazamia, anapaka matope au kinyesi cha ngombe pale ametoa, anaacha muti upone. Huo muti ni mukarimu, ukiutoa ganda vizuri bila kukwaruza ile maji maji ya ndani unarudisha ganda mpya. Baba yangu alitoa ganda kwa muti moja zaidi ya miaka ishirini na leo bado unazaa. Tunautumia kwa wazee wenye kukojoa inawasumbua, kwa tumbo, kwa homa pia. Mimi mutu mwenye anakuja na mifuko ya kilo hamsini simuite muganga.

Pascal_kinkina
Homa ndiyo, juu hiyo prunus ndiyo wanatoa kinini, dawa ya malaria. Hapa Bukavu kuna fabriki tangu wakati wa Babelgiji, inanunua ganda yake. Kama ni hivyo wangepanda mingi tu.

Botanisti243
@Pascal_kinkina hapana ndugu, umechanganya miti miwili. Kinini inatoka mu ganda ya kinkina, muti wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, Babelgiji ndio waliuleta Kivu wakaupanda mu mashamba makubwa. Ndiyo wenye wanatengenezea kinini hapa Bukavu. Muhumbahumba ni Prunus africana, ni wa kwetu, unaota wenyewe mu misitu ya milima ya Afrika kuanzia Kameruni mpaka Etiopia mpaka Afrika Kusini na Madagaska. Kuutambua ni rahisi, ganda nyeusi imepasuka vipande vipande, kijiti cha jani ni chekundu, na ukiponda jani au ganda inanuka kama lozi chungu.

Mufaransa mmoja anaitwa Jacques Debat alichukua haki ya dawa yake mwaka 1966, kwa prostati (tezi ya wanaume chini ya kibofu) yenye imevimba. Toka pale Ulaya ndiyo imekuwa soko. Mu karatasi za zamani utaona jina Pygeum africanum, ni muti ule ule, jina lilibadilishwa 1965, lakini wafanyabiashara mpaka leo wanasema pygeum.

Pascal_kinkina
Aksanti kwa kunirekebisha. Na jina langu la hapa sitabadilisha, nilikulia mu kambi ya mashamba ya kinkina.

Furaha_Ndendere
😂 Pascal ulituambia miaka yote unajua ganda kuliko sisi.

Mkonde_Moshi
Wakuu habari za huko. Huku kwetu Kilimanjaro tunauita mkondekonde, na wazee wetu walikuwa wanauacha kwenye kihamba katikati ya migomba na kahawa. Nawauliza tu, kwa nini mchunaji auue mti? Ukiutunza si unachuna tena?

Botanisti243
@Mkonde_Moshi swali yako ndiyo yenyewe. Chakula ya muti inatengenezwa na majani, inashuka kwa mizizi kupitia ganda ya ndani. Ukizungusha ganda yote, mizizi inakufa njaa pole pole, ndiyo maana muti wa nyanya ya MwanaKadutu umesimama na majani miezi kadhaa kisha unakauka. Mwenye kuchuna anaona muti bado ni kijani anasema sijaua.

Kanuni yenye walifundisha Kameruni ni kugawa shina robo nne, unatoa robo mbili zenye zinatazamana, kuanzia kama metre moja toka chini mpaka tawi la kwanza, tena kwa muti mwenye unene wa kutosha (sentimetre 30 kwenda juu), kisha unauacha miaka mitano au zaidi mbele ya kurudia hizo robo zingine. Kule kulikuwa na sosiete kubwa ya kutengeneza dawa Mutengene, Plantecam, ilifunga mwaka 2000. Wakati kanuni ilianza kuvunjwa, wakawa wanachuna yote, wengine wanakata muti kabisa ili wafikie ganda ya juu. Milima ya Oku ilipata hasara kubwa.

Sheria_Kivu
Naongeza hapo. Prunus iko mu Nyongeza ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea yenye kuwa hatarini, waliamua 1994 ikaanza kutumika 1995. Nyongeza ya pili haimaanishi biashara imekatazwa, inamaanisha ganda haitoki inchi bila karatasi yenye kuonyesha kwamba kuitoa hakuharibu msitu. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya walisimamisha kuingiza ganda ya Kameruni juu ya hilo. Kwa hiyo sheria iko, @MwanaKadutu, na mtu wa pikipiki na mizani ndiye anatakiwa kuulizwa karatasi.

Mama_Soko_Nyawera
Karatasi karatasi. Mi nauzaka majani na maganda ku soko miaka kumi na mbili, nijibu mimi. Hiyo karatasi inatokeaka wapi? Beko banaitoa Kinshasa, mama wa kijiji ataifikia namna gani? Mutu mwenye iko na karatasi njo mutajiri, anakuja nayo, anasema mimi peke yangu niko na ruksa ya kununua, bei ananitajia yeye. Kama sheria inanipa muuzaji mumoja, ntauza kwake ama kwa mwizi wa usiku mwenye anaongeza kidogo? Ile karatasi yenu njo ilizaa biashara ya usiku. Mbele yake wazee balikuwa banauza muchana.

Sheria_Kivu
Mama heshima yako, sikatai kwamba karatasi iko mbali na kijiji. Lakini mbele ya 1995 Kameruni hakukuwa na karatasi ya CITES na miti iliisha tu. Sasa ni nini iliimaliza kule?

Mama_Soko_Nyawera
Njaa mwanangu. Hapa na kule.

Bahati_Goma
Mama amesema. Na muongeze vita, watu wanakimbia, wanafika mahali si kwao, muti si wa baba yao, watauchunga juu ya nini?

Mushi_wa_Walungu
Naona munazunguka kitu moja bila kuigusa. Udongo ni wa nani? Mimi ni wa Walungu, nisikilizeni vizuri. Bushi, inchi yetu sisi Bashi, kuna namna mbili kubwa za kupata shamba kwa desturi. Ukiwa na kalinzi, umetoa ngombe kwa mwami (chifu) au kwa mukubwa wa udongo, shamba ni yako, watoto watarithi, unaweza kupanda migomba, miti, kila kitu. Ukiwa na bwasa, unalipa kila musimu, na unakatazwa kupanda kitu cha miaka mingi, juu ukipanda muti ni kama unasema shamba imekuwa yako. Maskini wengi na wamama wengi wako mu bwasa. Prunus ukiipanda leo, ganda unaanza kuitoa kisha miaka kumi na mbili, kumi na tano. Nani wa bwasa ataipanda? Hata ikiota yenyewe mu shamba yake anaing'oa mbele mwenye udongo aione. Na mwenye kalinzi anapanda karitusi, miaka mitano sita anakata nguzo na makala, anasomesha. Munatukana mwenye kuchuna, mimi kwanza ningeanza na hii.

MwanaKadutu
@Mushi_wa_Walungu sikuwahi kufikiria hivyo, aksanti sana. Kabonde ya nyanya si ya nyanya, ni ya mukubwa mumoja anaishi mujini, nyanya analima pembeni kwa bwasa. Sasa naelewa kwa nini hakutoka nje ule usiku. Angetetea muti wa nani?

Lakini bado nasema bila mutu wa mizani hakuna mwenye angekuja na ngazi saa nane ya usiku.

Dokta_wa_Majani
@Mushi umesema ukweli mukubwa. Lakini kale bwasa ilikuwepo na miti ilikuwepo pia, kwa hiyo bwasa peke yake haitoshi.

Mushi_wa_Walungu
Kale watu walikuwa wachache muzee, na pori ilikuwa karibu.

Kazadi_Lushi
Jambo toka Lubumbashi. Huku hatuna hiyo prunus, huku ni miombo, lakini nasoma nasikia kilio yetu. Munkoyo, kinywaji yetu, inatengenezwa na mizizi, wanachimba. Mama yangu alikuwa anaipata nyuma ya kota, leo wauzaji wanasema wanaenda mbali sana na barabara juu pori yote ya karibu imekuwa makala. Na muzizi ni mubaya kuliko ganda, ukiutoa muti umekwenda.

Botanisti243
Ni kweli @Kazadi_Lushi. Na si munkoyo tu. Rauvolfia, muti wa dawa ya presha, wakati wa Zaire mizizi yake ilikuwa inauzwa Ulaya. Ganda ina bahati, ukiitoa vizuri muti unabaki. Muzizi hauna huo musamaha.

Kazadi_Lushi
Munkoyo ya dukani haina ladha kabisa lakini hiyo ni uzi ingine.

Pascal_kinkina
Fungua basi, ntakuja kunywa.

Mwana_wa_Muuguzi
Naomba nirudi kwa dawa yenyewe juu watu wanasoma hapa wenye wagonjwa nyumbani. Baba yangu mukubwa alikuwa anaamuka mara tano sita usiku, akakunywa maji ya ganda miezi minane, alipata nafuu kidogo tukafurahi. Ku kituo kimoja cha afya chenye alienda mara ya kwanza hawakumupima kitu, walimupa vidonge vya maumivu tu. Wakati tulimupeleka mahali pengine ilikuwa saratani ya prostati na imeingia mu mifupa. Amekufa mwaka uliofuata. Sisemi ganda ilimuua. Nasema nafuu ilituchelewesha. Kuna kazi moja ya mwaka 2002 yenye ilikusanya majaribio 18 ya hii dawa, walikuta inasaidia kiasi kwa prostati yenye imevimba tu. Kwa saratani si dawa yake. Muzee akianza kukojoa vibaya apimwe kwanza.

Dokta_wa_Majani
Pole sana mwanangu, Mungu amupumzishe. Ulichosema ni haki. Mimi mzee akija kwangu na hiyo shida sasa ninamutuma kwanza apime damu, akirudi na karatasi ndipo tunaongea dawa. Kale sikufanya hivyo, nilijifunza kwa machozi ya watu wengine.

Furaha_Ndendere
Pole kaka 🙏

Mwana_wa_Muuguzi
Aksanti wote.

Muti_na_Watu
Kitu kingine hakijasemwa. Parki ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970, ikapanuliwa 1975, na Batwa, watu wa msitu, wakatolewa mule ndani bila shamba ya kuwalipa. Hao ndio walikuwa wanajua kila muti, lini unazaa, nani alichuna wapi. Ukimutoa mutu mwenye anajua, muti unabaki na mulinzi mwenye bunduki na mwizi mwenye panga, hakuna wa tatu. Mimi naona kupotea kwa ujuzi ndiyo inaua, kuliko bei.

Bahati_Goma
@Muti_na_Watu nakubali nusu. Hao walinzi pia ni watoto wa watu, wengi wamekufa mu kazi. Na parki ndiyo mahali pekee prunus mingi imesimama, toa parki uone kama itamaliza mwaka.

Muti_na_Watu
Sikusema watoe parki. Nimesema warudishe watu wenye wanajua.

Mkonde_Moshi
Wakuu, mnisamehe kuuliza tena. Nimesoma kwamba Afrika Kusini kuna mti wa Warburgia, Wakenya wana ndugu yake wanauita msokonoi, uliisha sana porini kwa sababu ya ganda, wataalamu wakawaonyesha waganga kwamba majani yana dawa karibu sawa na ganda. Kwa nini msitumie majani ya prunus?

Mama_Soko_Nyawera
Mutu wa mizani anataka ganda kaka. Nikimupelekea jani ananicheka.

Dokta_wa_Majani
Kwa tumbo mimi naweza kutumia jani. Kwa wazee wa kukojoa sijajaribu na siwezi kujaribu juu ya mutu.

MwanaKadutu
Nimerudi tena Kabare jana, nawaletea habari. Nimeongea na kijana mumoja wa pale, nimemuambia simutafuti kosa, anieleze tu. Amesema walikuwa wanne. Amesema wanajua hiyo ya robo mbili, walifundishwa zamani na watu wa projeti moja, lakini ukiacha robo mbili leo, kesho kikundi kingine kinakuja kumaliza. "Nikiacha, namwachia mwenzangu." Na ganda mbichi kilo mbili ikikauka inabaki karibu kilo moja, wanalipwa kavu, kwa hiyo lazima watoe mingi. Sikuwa na jibu ya kumupa. Nilikaa naye tu pale chini ya muti wenye umekauka.

Sheria_Kivu
Ndiyo maana nasema bila kupima ni miti mingapi iko na nani anahusika na upi, kila mtu ataogopa mwenzake.

Mushi_wa_Walungu
Na nani anahusika na upi ni swali ya udongo, tumerudi palepale.

Mama_Soko_Nyawera
Na ule kijana akilipwa vizuri kwa robo mbili angerudi kuchuna zingine? Bei jamani.

Furaha_Ndendere
@MwanaKadutu ile minne yenye majani inaanguka, haiwezi kuokolewa?

Botanisti243
Inategemea. Kama kuna hata mukanda mudogo wa ganda yenye imebaki toka juu mpaka chini, kuna tumaini. Na kama walitoa bila kukwaruza, ganda mpya inaweza kurudi yenyewe. Angalia kama shina imeanza kufunika na ngozi mupya ya kahawia, au kama imepasuka na wadudu wa kutoboa wameingia.

MwanaKadutu
Moja, wenye uko karibu na kisima, ulibakia na mukanda upande wa mulima, upana wa mukono. Vijana hawakufika pale kwa sababu ya miiba. Upande ule majani bado iko, na kuna matunda, midogo myekundu kama ya kahawa. Nyingine tatu sidhani.

Dokta_wa_Majani
Matunda! Usiache ndege na nyani wamalize yote. Okota yenye imeiva.

Botanisti243
Muzee anasema kweli, lakini sikiliza vizuri. Mbeu ya prunus haikai. Haifanyi kama mbeu ya maharagwe yenye unakausha unaweka mu chupa mwaka muzima. Ikikauka imekufa, ni ya kupanda mara moja. Ondoa nyama ya tunda, osha, panda mu kivuli, udongo uwe na maji maji kila siku.

Furaha_Ndendere
Mi nataka tano. Baba mudogo iko na kalinzi, atapanda pembeni ya ule moja wake.

Mushi_wa_Walungu
Mimi pia kumi. Shamba ya mama iko kalinzi, nitaweka kati ya migomba kama wale wa Moshi.

Mkonde_Moshi
Safi sana. Mwachie nafasi, unakuwa mkubwa, usiuweke karibu na nyumba.

Pascal_kinkina
Na mimi. Niko na pepinyeri (kitalu cha miche) ndogo ya karitusi, ntaweka yote yenye utaleta, kivuli iko na maji iko. Mwenye hana mahali aniletee.

MwanaKadutu
Sawa, nitaokota juma mosi asubuhi na nyanya. Nitashuka Kavumu siku ya soko, tupatane pale mahali pikipiki zinasimama. Nyanya anasema nifunge mu jani ya ndizi yenye maji maji, nisiweke mu sashe ya plastiki juu itaoza. @Furaha tano, @Mushi kumi, ya kubaki kwa Pascal. Kijana yule wa ngazi ameomba mbili, nimemuambia nitamupa.